Oda ya Mashati Mia Tano: Uichukue au Uiache?

Wadogo zangu, leo tukae tuzungumze biashara, hasa nyinyi wenye vyumba vya kushonea, mnaoishi kwa kumpima mtu, kumkatia na kumshonea nguo yake peke yake.

Kuna swali ambalo mafundi huniletea mara kwa mara, na anayelileta huwa na furaha iliyochanganyika na hofu. "Dada, nina vyerehani vitatu, tunashona mimi na mafundi wawili. Shule imeniita, wanataka mashati mia tano ya wanafunzi. Nichukue?" Kwa mwingine si shule, ni hoteli inayotaka aproni, ni kampuni ya ulinzi inayotaka sare, au ni duka la Kariakoo linalotaka magauni ya watoto ya kuning'iniza. Swali linabaki lile lile: fundi aliyezoea nguo ya mtu mmoja mmoja achukue kazi ya mamia?

Nitawapa msimamo wangu kwanza, halafu nieleze. Oda kubwa lazima ilipiwe na mtu. Bei ya mwenye oda isipotosha, pengo litazibwa na mwingine: mteja wako wa siku zote ambaye gauni lake litachelewa, fundi wako atakayekesha bila nyongeza, au wewe mwenyewe utakayekopa ili kumalizia kitambaa. Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo, mjue atakayeilipia, na hakikisha ni yule yule aliyeiagiza.

Hii ni kazi nyingine

Wengi hujiambia, "Kama gauni la bibi harusi naliweza, shati la shule litanishinda?" Shati halikushindi, mdogo wangu. Kinachowashinda watu ni mia tano.

Nguo ya kupima inalipa jicho lako. Unaona bega moja limeshuka, unaona kiuno chembamba na nyonga pana, unarekebisha. Mteja akija kujaribisha unapunguza hapa, unaachia pale. Anakulipa vizuri kwa sababu hakuna fundi mwingine anayeujua mwili wake namna hiyo. Oda ya mamia haina nafasi ya hayo yote. Yenyewe inalipa kufanana: shati la kwanza na la mia tano yawe na kola moja, mfuko mmoja, mshono mmoja, na yote yafike siku iliyotajwa.

Hata namna ya kuishona ni tofauti. Katika viwanda vya nguo vya EPZ (eneo la kuzalisha bidhaa za kuuza nje ya nchi) kule Athi River, Kenya, mshonaji hashoni shati zima. Mmoja anashona kola kutwa nzima, mwingine anabandika mifuko, mwingine anaunga mikono. Kazi ikipangwa hivyo, kasi ya wote inaamuliwa na hatua iliyo polepole kuliko nyingine. Kwenye karakana ndogo hatua hiyo mara nyingi ni matundu ya vifungo. Unaweza kuwa na washonaji watatu wepesi, lakini ukiwa na mashine moja tu ya kutoboa matundu, au ukimtegemea jirani mwenye mashine hiyo, mashati yatarundikana hapo na tarehe itapita. Kwa hiyo usikimbilie kununua cherehani cha nne. Kwanza tazama mashati yanarundikana wapi, hapo ndipo pesa yako iende.

Ukataji nao una elimu yake. Kwa mkasi wa mkono unakata tabaka chache kwa wakati mmoja. Ukizidisha, kitambaa cha chini kinateleza na shati la chini linatoka dogo kuliko la juu. Patroni lazima ichorwe kwenye kadibodi ngumu, moja kwa kila saizi, na ikianza kulika pembeni itupwe. Upangaji wa patroni kwenye kitambaa ndio unaoficha faida: ukiokoa sentimita 5 tu kwa kila shati, kwenye mashati 500 umeokoa mita 25. Ukizembea sentimita hizo hizo, mita 25 zimeingia kwenye vipande vya kutupa. Kwenye gauni moja huwezi hata kuliona jambo hili. Kwenye mamia linaweza kuwa ndiyo faida yako.

Hesabu ya siku ya cherehani

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tufungue daftari. Namba hizi ni za mfano. Weka zako, ila fuata njia hii.

Tuseme shule inatoa shilingi 12,000 kwa shati. Kitambaa, vifungo, uzi na kile kitambaa kigumu cha ndani ya kola vinakula 6,000. Malipo ya mshonaji ni 2,500, na uyahesabu hata kama mshonaji ni wewe mwenyewe, maana mikono yako si ya bure. Umeme, usafiri, kupiga pasi, mifuko ya kufungia na mashati yatakayoharibika tuvitengee 1,000. Kinachobaki kwa karakana ni 2,500 kwa shati. Zidisha kwa mia tano, unapata 1,250,000.

Hapa ndipo watu husaini. Namba ni nono na inakuja kwa mkupuo. Lakini bado hujauliza swali lenyewe: namba hiyo inakula siku ngapi za vyerehani vyako?

Kila mmoja wenu akimaliza mashati 8 kwa siku, watatu mnatoa 24, na oda inachukua siku 21 za kazi. Kila cherehani kimekuachia 20,000 kwa siku. Sasa iweke namba hiyo kando ya kazi yako ya kawaida. Tuseme ukishona nguo za kupima, baada ya kutoa kitambaa, malipo ya fundi na gharama nyingine, cherehani kimoja kinakuachia 25,000 siku yenye kazi. Kwa kipimo hicho, katika siku 21 nguo za kupima zingekuachia 1,575,000, na oda kubwa imekupunguzia 325,000, juu ya kukuchosha.

Ila nimesema siku yenye kazi. Ni wangapi kati yenu wana kazi siku zote sita za juma? Ukikuta una kazi ya kupima siku tatu tu kati ya sita, basi cherehani chako hakikuachii 25,000 kwa siku, kinakuachia wastani wa 12,500. Hapo oda ya 20,000 ni neema. Ukiwa na kazi siku tano kati ya sita, wastani ni karibu 20,800, na oda haikuongezei chochote ila uchovu. Jibu la swali lako limekaa kwenye siku zako tupu. Ukubwa wa oda hauwezi kukuambia.

Tena zingatia kasi. Mimi nimeandika mashati 8 kwa siku. Ukikuta mafundi wako wanatoa 6, siku 21 zinakuwa 28, na kila cherehani kinabakiza 15,000. Mashati mawili tu kwa siku yamebadilisha uamuzi mzima. Ndiyo maana sikubali mtu anieleze kasi yake kwa kukadiria.

Tazama kalenda kabla ya bei

Oda za sare za shule zina tabia moja ngumu. Mwaka wa masomo Tanzania na Kenya huanza Januari, kwa hiyo sare hutakiwa Novemba na Desemba. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya nguo za Krismasi, za mwaka mpya na za harusi za mwisho wa mwaka. Shule inakuja kukugongea mlango wakati ambao huna siku tupu hata moja.

Na kwa wenye wateja wa Idi, angalieni mbele zaidi. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka kwenye kalenda ya kawaida. Idi ya kumaliza mfungo, ambayo mwaka 2026 imeangukia Machi, kufika mwaka 2030 itakuwa mwanzoni mwa Februari, na mwaka 2031 itasogea hadi Januari. Maana yake ni kwamba msimu wa Idi unausogelea msimu wa sare mwaka hadi mwaka. Anayejenga karakana leo akitegemea kubeba vyote viwili, ajiandae kwa miaka hiyo tangu sasa.

Je, dawa yake ipo? Ipo. Nenda shuleni wewe, usisubiri kuitwa. Mwambie mwalimu mkuu au mhasibu wa shule, kwa adabu, kwamba ukipewa oda kwenye kipindi chako cha ukimya utampa bei nzuri kuliko ya Desemba, na mashati yatakaa stoo yakisubiri Januari. Sare haipitwi na wakati. Shule binafsi inayojua idadi ya wanafunzi wake inaweza kukubali. Ikikubali, umeichukua oda na kuipeleka kwenye siku zako tupu, pale inapokuletea faida ya kweli.

Pesa ya kitambaa ni ya nani?

Turudi kwenye mfano wetu. Oda yote ni milioni 6. Ukipewa nusu ya malipo mwanzoni, ni milioni 3. Kitambaa na vifaa vya mashati 500 kwa 6,000 ni milioni 3 hizo hizo. Kwa hiyo nusu ile, ambayo watu huipokea kwa vigelegele, imeishia dukani kwa muuza vitambaa. Malipo ya washonaji, milioni 1 na laki 2 na nusu, yanatoka wapi? Umeme je? Kodi ya chumba je? Na mwenye oda akichelewesha nusu ya pili kwa miezi miwili, mafundi wako watakula nini?

Hapa ndipo mteja wa kawaida huanza kulipia oda ya mwingine. Unapokea pesa ya gauni la mama fulani, unawalipa nayo washonaji wa mashati. Kitambaa cha gauni hakijanunuliwa. Siku ya sherehe inafika, mama anasimama mlangoni. Mteja huyo alikulea tangu una cherehani kimoja, na hatarudi tena. Hata ndugu zake hawatakuja.

Kwa hiyo pesa ya oda iwe na mfuko wake. Fungua akaunti au laini ya simu ya pembeni, iingie humo, itoke humo, na daftari lake liwe peke yake. Na omba malipo kwa mafungu yanayofuata mashati: sehemu mwanzoni, sehemu ukipeleka mashati 250 ya kwanza, iliyobaki ukimalizia. Mteja asiyekubali kulipa anapopokea nusu ya mzigo, jiulize atalipaje akishapokea wote.

Kwa oda za serikali, elewa mambo mawili. Kwanza, ukiuza bidhaa kwa taasisi ya serikali Tanzania hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 2. Kwenye milioni 6 hiyo ni 120,000. Dai cheti chake, kwa sababu kiasi hicho huhesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Pili, LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, si pesa taslimu. Ni ahadi ya kulipa, na ahadi hailipi mshahara wa Jumamosi.

Lakini msizikimbie kabisa. Sheria za ununuzi wa umma Tanzania zinatenga asilimia 30 ya ununuzi huo kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na maombi hupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa mtandaoni. Kenya wana mpango wao wa AGPO tangu mwaka 2013, nao ni asilimia 30. Halmashauri zetu za Tanzania pia hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo usio na riba wa kununulia kitambaa cha oda iliyokwisha kusainiwa ni jambo jema. Mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, wa kununulia kitambaa cha oda hiyo hiyo utakula faida yote kabla hujafunga shati la mwisho.

Shona kumi kwanza

Usisaini kabla hujashona kumi. Nunua kitambaa chenyewe kitakachotumika, kiloweke maji, kikaushe, kipige pasi, uone kama kinasinyaa. Kata mashati kumi ya saizi mbili tofauti. Washonaji watakaofanya kazi hiyo ndio washone hayo kumi, na si wewe uliye hodari kuliko wote. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza kila hatua: kukata, kola, mifuko, mikono, matundu, vifungo, pasi. Shati la kwanza na la pili usiyahesabu sana, mkono ulikuwa bado mgeni. Namba ya kweli utaiona kwenye matatu ya mwisho.

Kisha mpelekee mwenye oda shati moja, mkubaliane, msaini wote karatasi, naye abaki na shati moja na wewe ubaki na jingine lililo sawa nalo. Siku ya kukabidhi akisema kola ni fupi, mtaweka mashati mezani na mtapima. Kwenye karatasi hiyo kuwe na idadi ya kila saizi, maana shule nyingi hutaja jumla ya wanafunzi na kusahau saizi zao. Kuwe na kipande cha kitambaa kilichobanwa na pini, tarehe za kukabidhi kila fungu, bei, na jibu la swali hili: kitambaa kikipanda bei katikati ya kazi, nani anabeba ongezeko?

Kitambaa cha oda nunua chote kwa pamoja. Jora na jora, hata ya rangi yenye jina moja, yanaweza kutofautiana kidogo. Wanafunzi wakisimama mstarini asubuhi, tofauti hiyo itaonekana hadi getini.

Na wafikirie mafundi wako. Fundi aliyejifunza miaka mingi kukata gauni lenye mikunjo migumu, ukimkalisha kwenye kola 500, mkono wake unalala na moyo wake unaanza kuondoka. Mwache kwenye nguo za wateja. Kwa mashati tafuta vijana waliotoka vyuo vya ufundi vya VETA au waliomaliza kujifunza kwa mafundi wa mtaani, walipwe kwa kipande, na mmoja asiyeshona awe mkaguzi. Malipo ya kipande huongeza kasi na hupunguza umakini. Bila mkaguzi, makosa utayasikia kutoka kwa mwenye oda.

Kuna njia ya katikati

Kati ya gauni moja na mashati mia tano kuna kazi nyingi ambazo mafundi hatuzipi heshima yake. Kwaya ya watu 40. Kina mama wa kikundi wanaotaka vitenge vya sare. Kamati ya harusi, wasimamizi wa bibi harusi, wahudumu wa mgahawa mmoja. Hapo kitambaa ni kimoja na mshono ni mmoja, lakini kila mwili unapimwa. Unajifunza kukata kwa pamoja, kugawa hatua na kukabidhi kwa tarehe, na jicho lako bado linalipwa. Kiwanda hakitaki kazi ya watu 40, ni ndogo mno kwake. Duka la nguo za kuning'iniza haliwezi kumpima mwimbaji wa sauti ya nne mwenye kifua kipana. Kazi hiyo ni yako.

Kama oda ya mia tano ni nzuri lakini inakuzidi, igawane na wenzako wawili au watatu. Ila ukataji ufanyike mahali pamoja, kwa patroni zile zile na mkono mmoja, halafu mgawane kushona. Mkigawana kukata, mtapeleka mashati ya mitindo mitatu.

Na ukiona haifai, kataa kwa heshima. Sema: "Mwalimu, nashukuru kwa kuniamini. Kwa tarehe hii nitakuharibia kazi, nami sitaki. Naweza kukushonea sare za walimu, au za wanafunzi wenye saizi zisizopatikana madukani." Hapo hujaufunga mlango. Mwalimu aliyekataliwa vizuri atakukumbuka kuliko aliyepelekewa mashati mabovu Februari.

Nawapenda na nataka mkue. Najua kuna wanaowacheka wakisema fundi wa kupima hatajirika kamwe, na kwamba bila kushona mamia wewe bado ni wa kibandani. Wasiwasukume. Wapo waliokua kupitia sare, na wapo wanaoishi vizuri kwa wateja 60 waaminifu wanaorudi kila sikukuu. Wote hao walijua cherehani chao kinaacha nini kwa siku.

Basi kabla hujampigia simu mwenye oda, chukua daftari lako la miezi mitatu iliyopita. Hesabu siku ambazo kila cherehani kilikaa bure. Hesabu kilichobaki siku zilizokuwa na kazi. Shona yale mashati kumi. Ukishapata namba hizo tatu utajua la kujibu, na ukiombwa kupunguza bei utajua pia pa kusimama. Ambaye daftari lake halina miezi mitatu, aanze kuandika Jumatatu, na oda ya safari hii aiache ipite. Nyingine itakuja, naye ataipokea akiwa na namba mkononi.